Jina la Mwopolewa wa Kingoni

Sogeeni. Aliyekaa juani ahamie kivulini sasa hivi, maana mwishoni nitadai jibu, na sitaki mtu aniambie kichwa kilikuwa kinamuuma.

Katika mji wa Matombwe, pale Mto Kilwaza unapojikunja kabla ya kufika darajani, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa amejaliwa kitu.

Mzee Likwata alijaliwa mkono. Alichokipanda kiliota, hata kama ni kijiti cha kufungia mbuzi. Ujana wake wote alichoma mkaa, akaviacha vilima vya nyuma ya mji vikiwa vipara, na uzeeni akageuka mpanda miti. Watu wenye huruma walisema anatubu. Mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Nyumbani kuna kelele." Haikuwa kweli. Watoto wake walikwisha kuhamia miji ya mbali, na nyumba yake ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Bi Asumini alijaliwa maji. Aliyajua kama unavyomjua mtu mliyelala naye chumba kimoja miaka na miaka: anapotaka kugeuka unajua, anapotaka ubaya unajua. Asubuhi aliuza vitumbua sokoni, alasiri alikuwa mtoni. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na Kilwaza ulimchukua. Watu walidhani hatakanyaga tena ukingoni. Matanga yalipoisha alitoka ndani, akashuka mtoni, akaingia mpaka kiunoni, akaanza kuwaita watoto wa wenzake.

Sefania kinyozi alijaliwa mdomo. Kichwa kimoja kilimchukua muda ambao wenzake hunyoa vitatu, kwa sababu mkasi ulisimama kila alipofika kwenye hoja, na hoja hazikumwishia. Yeye na mkewe hawakuwa wamepata mtoto. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulizungumza dukani.

Wakati huo kingo za Kilwaza zilikuwa jalala. Nisizipambe. Palikuwa na taka za soko, matairi, magodoro yaliyooza, na harufu iliyowapa watu wa upande ule wa mji jina ambalo huwezi kulitaja mbele ya wakwe. Nyumba zote ziliupa mto mgongo. Kila mvua kubwa ilimega ukingo na kuondoka na choo cha mtu.

Mzee Likwata ndiye aliyetangulia. Alishuka na jembe na mche wa mkuyu, akafukua taka mpaka akakuta udongo, akapanda. Mafuriko yakaung'oa. Akapanda mwingine, nao ukang'oka. Akaendelea kupanda kama mtu anayebishana na mto, mpaka mto ndio uliochoka. Mikuyu ikashika. Nyuma ya mikuyu akapanda mizambarau, nyuma ya mizambarau mianzi. Mizizi ya mikuyu ilishuka ukingoni ikasokotana kama nywele zilizosukwa na msusi aliyeghadhibika, ikafika majini, na ukingo ukaacha kumegeka. Kivuli kilipotokea watu wakaacha kutupa taka chini yake. Hawakukatazwa na mtu. Ni vigumu tu kumwaga uchafu mahali unapotaka kukaa. Vijana wakaondoa matairi, akina mama wakapanga mawe yakawa ngazi za kushukia majini, na mahali pale pakaitwa Bustani ya Kingoni.

Bi Asumini ndiye aliyewarudisha watu majini. Bustani ilikuwa imeanza kupendeza, lakini mto wenyewe ulitazamwa kwa mbali, kama jirani aliyewahi kuua. Yeye akawachukua watoto, wa kike kwa wa kiume, akawafundisha kuogelea pale maji yanapotulia.

"Maji hayana ugomvi na wewe," aliwaambia. "Ukipigana nayo yatashinda, yana nguvu kuliko baba yako. Lala chali. Lala kama unamsubiri mama akuletee uji kitandani. Yakikubeba, yaache yakubebe, mpaka yakupitishe karibu na kitu cha kushika. Nguvu zako zote zitunzie hapo."

Wazazi walinung'unika. Mmoja alimfuata mpaka kwenye chuma chake cha vitumbua akamwambia, "Dada Asumini, wewe umefiwa na maji, halafu unawapeleka wetu huko huko?"

"Wangu hakufundishwa," alisema Bi Asumini, akageuza kitumbua.

Sefania ndiye aliyezuia Kingoni isiuzwe. Pale kwenye kona ya mto palikuwa na kinamasi cha matete, kipana, chenye vyura na mbu. Mtu mmoja mwenye uwezo wake aliomba akijaze kifusi, ajenge ukumbi wa harusi. Hata wapenzi wa bustani waliona sawa: matete yana mbu, ukumbi una taa. Sefania peke yake alisema hapana. Aliisema dukani, msibani, na kwenye kila mkutano wa mtaa. "Maji yakija mengi yatakaa wapi? Ukumbini, na bibi harusi?" Siku moja alimnyoa mwenyekiti wa mtaa nusu kichwa, akaweka mkasi chini, akasema, "Sasa tuzungumze kuhusu matete." Lori la kwanza la kifusi lilipofika alisimama mbele yake akahutubia. Dereva alizima injini, akashuka, akaomba kiti. Ombi la ukumbi likafa. Baadaye halmashauri ikataka kuizungushia bustani uzio na kuweka geti, na hilo nalo Sefania akalipinga mpaka likafa. "Mto haufungwi saa kumi na mbili jioni," alisema.

Basi Kingoni ikawa Kingoni. Alfajiri wazee wenye kisukari walitembea kule kwa amri ya daktari, wakilalamika njia nzima na kurudi wamechangamka. Korongo walirudi kwenye matete, na vile vindege vya bluu vinavyodumbukia majini na kuibuka na samaki. Wanaume walicheza bao, wake zao wakijua walipo. Palikuwa na uwanja wa mpira ambapo mpira ukiingia mtoni timu zote mbili zinaogelea kuufuata. Mwanafunzi aliyefeli mtihani alipata mahali pa kulia bila kuulizwa. Halafu diwani akasimika bango lenye picha yake kubwa kuliko jina la bustani, na bango nalo likafaa: akina mama walianikia nguo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hadithi inapoingia majini.

Palikuwa na mjane mmoja kijana, fundi cherehani, jina lake Zawena. Mumewe alifariki kabla mtoto wao hajaachishwa ziwa, na ukoo wa mume ulikuwa mbali na haukuuliza. Alikuwa na huyo mmoja tu, binti anayeitwa Sihaba, ambaye meno ya mbele ya ukubwani ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Asubuhi moja Zawena alimtuma Sihaba kurudisha gauni la mteja. Mtoto alirudisha gauni, na badala ya kurudi nyumbani akapitia Kingoni. Zambarau zilikuwa zimeiva. Akajaza upindo wa sketi yake, akaruka mawe mpaka kwenye lile kubwa lililo katikati ya mto, akakaa kula.

Mjini hakukunyesha hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, ambako hakuna mtu wa Matombwe aliyekuwa anatazama.

Zawena alikuwa ameshuka kumtafuta. Alimwona pale jiweni, midomo ya zambarau, akafungua kinywa amgombeze. Ndipo akasikia. Waliowahi kusikia maji ya mlimani yakija wanasema ni kama mtu anaburuta mabati. Ukuta wa maji mekundu ulitokea, ukapita juu ya jiwe, na jiwe likawa halina mtu.

Alikimbia ukingoni akipiga kelele. Aliona sketi, kisha uso, kisha hakuona kitu. Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona kulikuwa na daraja lenye nguzo za zege. Kila mtu wa Matombwe anajua maji hufanya nini na vitu kwenye nguzo zile. Kanga ilimdondoka, viatu vikamtoka. Alipozunguka kona alimkuta Sihaba ameketi juu ya mizizi ya mkuyu, anatapika maji na zambarau.

Kelele zilikuwa zimeuita mji. Mzee Likwata alikuwa karibu, jembe mkononi. Sefania alikuja mbio kutoka dukani na mteja wake nyuma amevaa shuka la kunyolea. Bi Asumini alifika kutoka sokoni akiwa mweupe kwa unga wa mchele, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kuhesabu watoto.

"Nani kakutoa?" Zawena aliuliza akimpapasa mtoto mwili mzima. "Sihaba, nani kakutoa?"

"Mti," alisema mtoto. "Nilikamata mti."

Zawena akageuka, akamwona mzee na jembe lake. Akamshika mikono, akalia: "Huyu wako, baba! Huyu wako!"

"Nililala chali, mama," mtoto aliendelea. "Kama Bibi Asumini anavyosema. Sikupigana nayo."

Zawena akageuka, akamwona Bi Asumini. Akamwangukia kifuani. "Huyu wako, mama yangu. Huyu wako."

Mtu akauliza, "Lakini imekuwaje hukufika darajani, mwanangu?"

"Maji yaliingia kwenye matete," alisema Sihaba, "yakachoka."

Zawena akageuka mara ya tatu. "Huyu wako, kaka Sefania!"

Na Sefania akavuta pembe ya shuka la mteja wake, akafuta macho.

Watu walishangilia, wengine walilia. Mtu mmoja tu hakushangilia: Bi Ngwira, mkunga mstaafu, ambaye nusu ya mji ilipokelewa na mikono yake na ndiye aliyesimamia mila za mto. Aliweka mikono kichwani.

"Zawena," alisema. "Umefanya nini?"

Mila ya watu wa Kilwaza ni hii. Mtoto aliyetwaliwa na mto akarudi hai huitwa mwopolewa. Mto unalijua jina lake, nao utaliita tena. Kwa hiyo mama humtazama aliyemwopoa na kusema, juu ya udongo mbichi, mtoto angali analoa, "Huyu wako." Maneno hayo hayarudishwi. Aliyeambiwa hushikishwa mkono wa mtoto na kumpa jina jipya, na kuanzia hapo ni mzazi wake. Kila mwaka mto unapofurika, mtoto hulala nyumbani kwa aliyempa jina. Chungu cha kwanza atakachopika kwa mikono yake hukipeleka huko. Mzazi huyo akifa, mwopolewa ndiye anayetangulia mbele ya jeneza, hata kama marehemu alizaa kumi. Na mtoto akipotea, huyo ndiye anayeulizwa kwanza, kabla ya mama.

Jina huwa moja. Mtu akiwa na majina mawili ya mto ataitikia kila anayemwita, na mto ni mmoja wa wanaoita. Tena jina sharti litolewe kabla maji mekundu hayajatakata. Yakitakata mtoto angali hana jina, basi ni wa mto. Hauawi, hafukuzwi. Anakatazwa tu kukanyaga ukingo maisha yake yote. Wenzake watakuwa Kingoni wanaogelea, wanakula zambarau, wanapiga picha za harusi zao, naye atawasikia kutoka barabarani.

Aliyesoma anaweza kucheka. Acheke, mtoto si wake. Zawena hakucheka.

Basi siku ile ile wakakutana kwenye ngazi za mawe pale bustanini, Bi Ngwira juu, watu pembeni, Zawena na Sihaba ngazi ya chini karibu na maji. Maji yalikuwa yameanza kushuka na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

Diwani alifika wa kwanza kuzungumza, maana alikuwa na gari. Akasema, kwa kuwa bustani ina bango lake, na ili kuepusha mgawanyiko, yeye yuko tayari kubeba jukumu hilo zito.

"Mheshimiwa," alisema Bi Ngwira, "mtoto alipotoka majini alikutajaje?"

"Hakunitaja. Sikuwepo."

"Basi kaa hapa na sisi tusiotajwa."

Mzee Likwata akasimama. "Mimi sina maneno. Mtoto alisema, mti. Mama yake akasema, wako. Nimemaliza." Akakaa.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema Sefania. "Na shikamoo ya pili, kwa sababu ninachotaka kusema kinahitaji mbili. Mikuyu yako iko baada ya matete. Bila yale matete mtoto angepita mbele ya mikuyu kwa mwendo wa pikipiki. Angeshika nini? Upepo?"

"Matete aliyaotesha Mungu," alisema mzee bila kumtazama. "Wewe ulizungumza tu."

"Nilizungumza, ndiyo! Wengine waliona hoja zangu ni kelele. Na mikuyu mingapi uliichoma wewe kabla ya kuanza kuipanda?"

"Eeeh!" watu waliguna.

"Kinyozi," alisema Bi Ngwira, "hapa hatunyoi mtu."

Bi Asumini alikuwa hajasimama. Alizungumza amekaa, na watu ikabidi wanyamaze ili wamsikie. "Mti haukumshika mtoto. Mti hauna vidole. Mtoto ndiye aliyeushika mti. Na alifika kwenye matete akiwa hai. Huko juu, kabla ya matete, kabla ya mikuyu, palikuwa na maji na Sihaba. Nani alikuwa naye hapo?"

Kisha Mzee Likwata akasema polepole, na nadhani hakukusudia ubaya, lakini lilitoka:

"Wewe ulikuwa naye, mama. Na ni wewe uliyemtoa woga. Mtoto anayeogopa mto hakai kwenye jiwe katikati ya mto."

Bi Asumini alishtuka kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto. Zawena akafunika uso. Aliyemjibu mzee ni Sefania, ambaye hakuna aliyemtuma.

"Na pale jiweni alikuwa anakula nini, mzee? Zambarau. Alizipanda nani?"

Mzee Likwata akatazama viganja vyake. Mwanamke mmoja nyuma, muuza dagaa, akapaza sauti:

"Na wewe kinyozi, uzio ungekuwepo mtoto angefikaje mtoni? Nani aliukataa uzio?"

Sefania akageuka akatazama njia ya kushukia mtoni, isiyo na geti.

Mnaona ilipofika. Waliokuja kugombea sifa, kila mmoja akarudishiwa kitu chake kile kile kikiwa kimegeuzwa upande wa pili. Mkono uliopanda mzizi ndio uliopanda tunda. Sauti iliyomfundisha kulala juu ya maji ndiyo iliyomfundisha kutoyaogopa. Mdomo ulioacha nafasi ya maji kupita ndio ulioacha nafasi ya mtoto kupita. Ondoa mmoja wao, Sihaba angekufa. Ondoa mmoja wao, huenda Sihaba asingeingia majini kabisa.

Bi Ngwira akawaacha wakae na hilo. Kisha akasema wafuate utaratibu: aliyeambiwa kwanza ndiye mwenye haki. Lakini kwanza ipi? Kwa maneno ya Zawena, wa kwanza ni Mzee Likwata, na vilevile kwa kazi, maana ndiye aliyeanza Kingoni. Majini wa kwanza alikuwa Bi Asumini. Sefania akasema kuna hesabu ya tatu, ya aliyekuwa peke yake, kwamba wenzake walisaidiwa na kusifiwa, lakini juu ya matete hakuna aliyesimama naye. Hata Mzee Likwata alikubali kwamba hilo ni kweli. Yeye mwenyewe alikuwa ameutaka ule ukumbi.

"Mtoto achague," mtu alisema.

"Mtoto atachagua vitumbua," alisema Bi Ngwira. Watu walicheka kidogo, Bi Asumini naye akatabasamu, na hayo ndiyo yalikuwa matabasamu ya mwisho siku ile.

"Wagawane," alisema mwingine. "Mwaka huu kwa huyu, mwaka ule kwa yule."

"Na mbele ya jeneza atatangulia theluthi?" aliuliza Bi Ngwira. "Tena akipotea tumuulize nani? Watu watatu wakiwa na mtoto mmoja, kila mmoja hudhani yuko kwa mwenzake. Mila hii ilitungwa na watu waliokwisha kuopoa na kuzika. Jina ni moja."

Akawaambia wayataje majina waliyoyaandaa.

"Shina," alisema Mzee Likwata.

"Ushindi wa Umma," alisema Sefania.

"Hilo ni jina la mtoto au la chama cha ushirika?" aliuliza Bi Ngwira.

Sefania akatazama chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya dukani. "Mke wangu alikuwa amechagua jina. Zamani. Hatukupata wa kumpa. Nitalitaja nikipewa mkono wa mtoto. Nikilitaja bure, itabidi nirudi nyumbani nimwambie nimelimwaga."

"Na wewe, Asumini?"

"Langu ni jina lililokwisha kuitwa hapa," alisema Bi Asumini. "Niliita pale ng'ambo mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyeitikia. Nataka niliite tena, mtu aitikie. Basi."

Watu wengine walianza kulia. Wengine waliguna, maana kumpa mwopolewa jina la mtu ambaye mto haukumrudisha, kuna wanaosema ni kumkinga na kuna wanaosema ni kumrejesha mtoni. Bi Ngwira alipoulizwa alisema hajui, na mimi nampenda kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

Mzee Likwata akasimama tena. "Nimesema Shina, lakini mniite mwongo nikisema jina ndilo ninalolitaka. Nataka mtu wa kutangulia. Wangu hawatakuja. Watatuma salamu."

Sihaba, ambaye alikuwa akipitisha kidole kwenye maji, akainua kichwa. "Kwa hiyo Jumamosi siji kuogelea?"

Bi Ngwira alitazama mto. Chini ya ngazi ya mwisho, palipokuwa na rangi ya chai ya maziwa asubuhi, mchanga ulikuwa unaanza kuonekana.

"Mama Sihaba," alisema. "Uliyasema wewe, utayatimiza wewe. Mpe mmoja mkono wa mtoto."

Zawena akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, alikuwa mtu wa cherehani, lakini siku ile alisema.

"Mnanitazama kama mtu aliyeropoka. Sikuropoka. Niliposema mara ya kwanza, nilimaanisha. Nilimaanisha mara ya pili. Nilimaanisha mara ya tatu. Mimi niliona nguzo za daraja. Nilikimbia nikiwa nimekwisha kumzika. Halafu nikamkuta ameketi. Kama mngekuwa watu mia mliosababisha aketi pale, ningesema mara mia. Sasa niambieni ni mara ipi kati ya tatu nilikosea."



Wale watatu wakashuka mpaka ngazi ya chini, wakanyoosha mikono. Mkono wa Mzee Likwata ulikuwa na udongo kwenye kucha. Mkono wa Bi Asumini ulikuwa na alama za mafuta ya moto. Mkono wa Sefania ulinukia poda. Zawena akaushika mkono wa bintiye akauinua, kisha akageuka akawatazama watu wote waliokaa kwenye ngazi, mmoja mmoja, akisubiri. Waliokuwa na maoni tangu asubuhi wakaanza kufunga kamba za viatu.

Sasa niwaulize ninyi. Msiniambie wote wanastahili, hilo Zawena alilisema kabla yenu na alilisema vizuri zaidi. Msiniambie mila zibadilishwe. Pengine zitabadilishwa, lakini si kabla mchanga haujaonekana wote. Na msimtazame jirani yenu, naye anawatazama ninyi.

Mkono wa Sihaba uko hewani, na maji yanazidi kutakata. Je, wewe unauweka kwa nani? Na ukishauweka, wale wawili waliobaki na mikono mitupu utawaambia nini?